NYUZI NYINGI, DAFTARI MOJA: Namna Kompyuta Inavyoweza Kupoteza Pesa Pasipo na Mwizi



Katika toleo hili nimeombwa niandike jambo la elimu ya kompyuta, kwani vijana wetu kadhaa wanalisoma somo hilo mashuleni na wengine wanaulizia vyuo. Elimu hiyo ni bahari, nami nimechota kikombe kimoja tu: programu zinazofanya kazi nyingi kwa wakati mmoja juu ya hesabu moja. Nimelichagua jambo hili kwa sababu kila msimu wa korosho familia zetu za Nachingwea na Ruangwa hulitegemea pasi na kulijua jina lake, na kwa sababu makosa yake ni ya aina ya peke yake. Ni makosa ambayo kila mhusika amefanya kazi yake sawasawa, na bado haki ya mtu imepotea.

Tuanze na mzunguko tunaoujua. Mkulima hupeleka korosho zake kwenye chama cha msingi, yaani AMCOS ya kijijini kwake. Zinapimwa, karani anaandika, mzigo unakwenda ghala kuu, kisha unauzwa kwa mnada kupitia chama kikuu cha RUNALI, kinachounganisha vyama vya Ruangwa, Nachingwea na Liwale. Utaratibu huu wa stakabadhi ghalani ulianza kwenye korosho katika msimu wa 2007/2008. Katika msimu wa 2024/2025 minada ya korosho ikahamia kwenye mfumo wa mtandao wa Soko la Bidhaa Tanzania, TMX, ambamo mnunuzi huweka bei yake kwa kompyuta. Malipo ya mkulima huingia benki, na yakishaingia hayakai. Huyu anamtumia mtoto ada kwa simu, yule analipa deni la dukani, mwingine anatoa taslimu kwa wakala. Huduma za pesa kwa simu, zilizoanza Kenya kwa M-Pesa mwezi Machi 2007 na kuingia kwetu Tanzania mwaka 2008, zimefanya mambo hayo yote yamalizike kwa kubonyeza tu.

Sasa fikirini jioni ya siku ambayo malipo yameingia. Watu wanabonyeza Nachingwea mjini, wanabonyeza Ruangwa, wanabonyeza Naipanga na Nanganga, na wote wanaandikwa kwenye hesabu za makampuni yale yale. Karani wa AMCOS ana mkono mmoja na kalamu moja. Kompyuta ina mikono mingi, na yote inaandika kwenye daftari moja.

MKONO WA KOMPYUTA

Mkono huo mafundi wanauita thredi. Mimi nitasema uzi, kwani ndiyo maana ya neno lenyewe. Programu ni maagizo yaliyopangwa, na uzi ni safari moja ya kuyafuata maagizo hayo kutoka mwanzo hadi mwisho. Programu moja inaweza kuwa na nyuzi nyingi. Simu yako inapocheza kaseti ya darsa (wazee bado tunaita kaseti), huku ikipokea ujumbe na kushusha faili, kila kazi kati ya hizo ina uzi wake au zaidi.

Zamani kompyuta ilikuwa na prosesa moja tu, na nyuzi zilikuwa zikipeana zamu. Mfano wake ni mwalimu mmoja mwenye makundi matatu barazani: hawa wa herufi, hawa wa Juzuu Amma, na hawa wa kuhifadhi. Anakaa na kundi hili kidogo, anahamia lile, na kwa kuwa anakwenda haraka kila kundi linadhani mwalimu ni wake. Prosesa hubadilisha zamu kwa vipande vya elfu moja vya sekunde. Lakini kuna tofauti moja kubwa nanyi mwishike hapa. Mwalimu humsubiri mtoto amalize aya ndipo ahame. Prosesa haisubiri. Humkatisha hata katikati ya neno, na uzi uliokatishwa haujui kama ulikatishwa.

Hadi mwanzoni mwa miaka ya 2000 watengenezaji walikuwa wakiongeza kasi ya prosesa mwaka hadi mwaka, mpaka joto likawazuia. Ukiisukuma zaidi, inachemka. Hivyo basi wakageuza mkakati: badala ya ubongo mmoja wenye kasi zaidi, wakaweka viini viwili au zaidi ndani ya prosesa moja. Mwaka 2005 kampuni za Intel na AMD zilianza kuuza prosesa za viini viwili kwa kompyuta za kawaida za mezani. Leo simu ya bei ya chini huwa na viini vinne au vinane. Maana yake ni kwamba nyuzi hazipeani zamu tu, bali zinatenda kweli kweli kwa nukta ile ile, na aliyeandika programu bila ya kulifikiria hilo amejenga nyumba isiyo na mlango.

PESA IMEKWENDA WAPI?

Tuseme madrasa ina namba moja ya simu ya kupokea michango (huu ni mfano tu, mhazini wetu asishtuke). Salio ni shilingi 400,000. Mzazi mmoja yuko Nachingwea anatuma 10,000. Wakati huo huo mzazi mwingine yuko Ruangwa anatuma 25,000. Kila muamala unashughulikiwa na uzi wake, na kila uzi umeagizwa mambo matatu: soma salio, jumlisha, andika salio jipya.

Uzi wa kwanza unasoma: 400,000. Hapo hapo zamu yake inakatwa. Uzi wa pili unaingia, nao unasoma 400,000, unajumlisha 25,000, unaandika 425,000 na kwenda zake. Sasa uzi wa kwanza unarudishiwa zamu. Kichwani mwake bado una 400,000, kwani ndiyo uliyoisoma. Unajumlisha 10,000 na kuandika 410,000 juu ya ile 425,000.

Jumla ya haki ni 435,000. Daftari linasema 410,000. Wazazi wote wawili wamekatwa pesa zao na kupata ujumbe wa kuthibitisha, na mchango wa yule wa Ruangwa haupo. Hakuna aliyeiba. Ukimsimamisha kila uzi peke yake na kuuhoji, hesabu yake iko sahihi kabisa. Kosa liko katikati yao, mahali ambapo hakuna mtu.

Mafundi huliita kosa hili mbio, kwa kuwa jibu linategemea nani amewahi. Na ubaya wake ni kwamba halijitokezi kila mara. Wazazi hao wakipishana hata kwa sekunde moja, hesabu inatoka sawa. Fundi anaijaribu programu yake ofisini, akiwa peke yake, mara mia, na kila mara inatoka sawa. Anaisifu na kuikabidhi. Kisha unafika msimu, watu wanabonyeza kwa pamoja, na kosa linaamka.

NANI WA MWISHO?

Mfano wa salio ulikuwa wa tarakimu moja tu. Programu nyingi hazihifadhi tarakimu moja, bali huhifadhi miundo: orodha, foleni, daftari lenye kurasa. Muundo wa data ni vitu vingi ambavyo lazima vikubaliane. Daftari la ada lina mistari ya majina na lina jumla chini. Ukiongeza mstari na hujagusa jumla, kwa muda huo mfupi daftari linasema uongo, na anayelisoma katika muda huo anachukua uongo.

Foleni ndiyo mfano unaoonekana kwa macho. Kwenye mzani wa AMCOS watu hawasimami mstari ulionyooka. Mtu akifika anauliza, "Jamani, nani wa mwisho?" Akijibiwa "Mimi hapa," anajua anamfuata nani, anaweka magunia yake chini na kwenda kukaa kivulini. Foleni nzima imo vichwani: kila mmoja anamjua aliye mbele yake. Kompyuta huhifadhi foleni vivyo hivyo, kila kitu kikibeba anwani ya jirani yake, na mahali pamoja pameandikwa nani wa mwisho.

Sasa wanafika wakulima wawili kwa mpigo, kila mmoja kwa upande wake wa ghala. Wote wanauliza, wote wanaonyeshwa mtu yule yule. Wote wanaamini kuwa wao ndio wanaomfuata. Kwa binadamu hapo patatokea maneno kidogo na mzee mmoja atasuluhisha. Kompyuta haina mzee. Kumbukumbu yake ina nafasi moja ya "anayefuata", anayeandika mwisho hubaki, na wa kwanza anafutika kwenye foleni na magunia yake. Atakaa kivulini mpaka jua lizame na jina lake halitaitwa.

FIMBO YA RELI

Dawa ya asili ya maradhi haya ni kongwe kuliko kompyuta. Wazee wa Nachingwea watawaeleza kuhusu reli iliyokuwa ikitoka Mtwara hadi hapa, iliyojengwa kwa ajili ya mradi wa karanga wa Waingereza baada ya Vita Kuu ya Pili. Mradi wenyewe ulivunjwa mwaka 1951, na reli nayo ikafungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Sitaki kuingia katika habari za karanga, kwani zinahitaji makala yake. Ninachotaka ni kanuni ya kale ya reli za njia moja, iliyotumika nchi nyingi duniani. Pale ambapo treni mbili zinaweza kukutana uso kwa uso, kila kipande cha reli hupewa fimbo yake moja tu. Dereva asiyekabidhiwa fimbo hiyo mkononi haingii katika kipande hicho, hata kama anaona reli ni nyeupe mbele yake. Akitoka upande wa pili anaikabidhi, na mwingine anaichukua.

Katika programu fimbo hiyo inaitwa kufuli. Uzi unaotaka kugusa salio huchukua kwanza kufuli, husoma, hujumlisha, huandika, kisha huliachia. Uzi mwingine ukilikuta limechukuliwa, husubiri. Mholanzi Edsger Dijkstra ndiye aliyechapisha mwaka 1965 makala fupi sana iliyoeleza namna ya kuhakikisha kwamba kati ya wengi ni mmoja tu anayeingia kwenye sehemu ya hatari kwa wakati mmoja. Katika miaka hiyo hiyo ya 1960 alibuni pia alama maalumu ya kuruhusu na kuzuia nyuzi, akaipa jina la semafa, yaani ile nguzo ya ishara ya relini. Kwa hiyo mfano wa reli sikuubuni mimi.

Hata hivyo fimbo ina udhaifu mmoja. Inafanya kazi ikiwa madereva wote wanaiheshimu. Programu yenye nyuzi mia, tisini na tisa zikachukua kufuli na moja ikaingia kwa dirishani, ni sawa na programu isiyo na kufuli kabisa. Na programu kubwa huandikwa na watu wengi kwa miaka mingi. Anakuja kijana mpya, anaona salio lile pale, analigusa moja kwa moja. Hajui kama kuna fimbo.

Hapa ndipo ilipozaliwa fikra ya muundo-salama. Badala ya kumwachia kila mwandishi wa programu akumbuke kufuli, kufuli linawekwa ndani ya muundo wenyewe. Foleni inafungiwa chumbani, na dirisha lina matundu mawili tu: tundu la kutia na tundu la kutoa. Huwezi kumgusa "wa mwisho" kwa mkono wako. Unamwambia anayekaa ndani, "Niongezee huyu," naye anajua mwenyewe kuchukua kufuli na kuliachia. Ninavyoona mimi, hili ndilo jambo lenye thamani kuliko yote katika mlango huu, kwani limehamisha amana kutoka kwenye kumbukumbu za watu na kuiweka kwenye ujenzi.

KUFULI KUBWA NA MAKUFULI MADOGO

Lugha ya Java, iliyotoka mwaka 1996, ilikuja na daftari la namna hiyo liitwalo Hashtable. Lilikuwa na kufuli moja kwa daftari zima. Lilikuwa salama, lakini ni salama ya ghala lenye ufunguo mmoja: mtu akitaka kuangalia tu mzigo wa Ruangwa, humsubiri anayepanga mzigo wa Liwale. Mwaka 1998 likaletwa jingine, HashMap, lisilo na kufuli kabisa, lenye kasi, na atakayelitumia kwa nyuzi nyingi shauri yake. Wengi walilitumia hivyo, na programu zao zikawa zinapotea katika mzunguko usio na mwisho, prosesa ikichemka bila ya kutoa jibu.

Mwaka 2004, katika toleo la tano la Java, likatoka daftari la tatu, ConcurrentHashMap, kazi ya Profesa Doug Lea wa chuo kikuu cha Oswego, jimbo la New York. Yeye aliligawa daftari vipande, kwa kawaida kumi na sita, kila kipande na kufuli lake. Anayeandika kwenye kipande cha tatu hamzuii anayeandika kwenye kipande cha tisa, na wanaosoma kwa kawaida hawasubiri kabisa. Mwaka 2014 likatengenezwa upya, makufuli yakawa madogo zaidi. Kijana anayesoma Java leo hulitumia kwa mstari mmoja, bila ya kujua miaka ya jasho iliyomo ndani yake.

SALAMA MBILI HAZIFANYI SALAMA MOJA

Nawaomba wanafunzi wakubwa wasome kipande hiki mara mbili, kwani hapa ndipo wanapojikwaa hata waliohitimu.

Tuchukue basi moja la kwenda Dar es Salaam lenye wakala Nachingwea na wakala Ruangwa. Orodha ya viti imewekwa kwenye kompyuta, tena kwenye muundo-salama. Ukiuliza, "Kiti cha 12 kiko wazi?" unapata jibu la kweli. Ukisema, "Andika kiti cha 12 kwa abiria huyu," kinaandikwa bila ya kuharibu chochote. Kila tendo lina kufuli lake.

Wakala wa Nachingwea anauliza: kiko wazi. Wakala wa Ruangwa anauliza: kiko wazi. Wa Nachingwea anaandika abiria wake. Wa Ruangwa anaandika wake. Daftari halikuharibika hata kidogo, herufi ziko mahali pake, na asubuhi watu wawili wana tiketi ya kiti cha 12. Kosa ni kwamba kuuliza na kuandika vilifanywa kuwa matendo mawili, na katikati yake palibaki upenyo. Jibu la "kiko wazi" lilikuwa la kweli lilipotolewa, likazeeka kabla halijatumiwa.

Dawa yake ni kuyafanya matendo mawili kuwa moja lisilogawanyika: "Andika abiria huyu kwenye kiti cha 12 ikiwa kiko wazi, na uniambie kama umefaulu." Prosesa zenyewe zimejengewa tendo la aina hii, tuliite linganisha-ubadilishe. Uzi unasema: nilikuta 400,000; ikiwa bado ni 400,000, weka 410,000; ikiwa imebadilika, usiguse, niambie nianze upya. Hapo hahitajiki mtu wa kusubiri mlangoni. Anayechelewa hurudia hesabu yake na salio jipya, na hakuna mchango unaofutika. Miundo mingi ya kisasa isiyotumia kufuli imejengwa juu ya tendo hili dogo.

Benki na makampuni ya simu kwa kawaida huhifadhi hesabu kwenye hifadhidata, na huko kanuni ni ile ile kwa upana zaidi: matendo kadhaa hufungwa pamoja kuwa muamala mmoja, ama yatimie yote ama lisitimie hata moja. Mmarekani Jim Gray, aliyekuwa IBM, alifanya kazi kubwa ya kuuweka msingi huo katika miaka ya 1970, na mwaka 1998 akatunukiwa Tuzo ya Turing. Bila ya msingi huo pesa ingeweza kutoka kwako isifike kwa mwenzio, umeme ukikatika katikati.

MKWAMO

Mtu aliyekwisha kuogopa mbio huanza kutia makufuli kila mahali, na hapo huingia katika ugonjwa wa pili. Watoto wawili wa madrasa, ubao mmoja na kidau kimoja cha wino. Mmoja kashika ubao anasubiri wino. Mwenziwe kashika wino anasubiri ubao. Hakuna anayeachia. Watakaa hivyo mpaka adhana.

Kwenye pesa ni hivi: mimi nakutumia wewe, na wewe unanitumia mimi kwa nukta hiyo hiyo. Uzi wangu umefunga hesabu yangu unangoja yako. Uzi wako umefunga yako unangoja yangu. Programu haitoi kosa, haizimiki, inakaa kimya tu. Dawa ni rahisi kuieleza: kila uzi uchukue makufuli kwa utaratibu mmoja, kwa mfano hesabu yenye namba ndogo kwanza, hata kama ndiyo inayopokea. Watoto wetu nao wakiambiwa ubao hushikwa kwanza siku zote, atakayeukosa ubao hatashika wino, na mwenziwe ataandika amalize.

KOSA LILILOSUBIRI MIKONO IZOEE

Pengine mzazi atasema hizi ni habari za viti na shilingi. La hasha. Kulikuwa na mashine ya hospitali ya kutibu saratani kwa mionzi, Therac-25, iliyotengenezwa na shirika la AECL la Kanada. Kati ya mwaka 1985 na 1987, huko Marekani na Kanada, wagonjwa sita walipigwa mionzi mingi kupita kiasi, na baadhi yao wakafa kwa sababu hiyo.

Uchunguzi ulionyesha makosa kadhaa, na mojawapo ni mbio tulizozieleza. Kazi moja ndani ya programu ilikuwa ikipanga sumaku za mashine, jambo lililochukua kama sekunde nane, huku kazi nyingine ikipokea maandishi ya mhudumu. Mhudumu akikosea kuandika aina ya mionzi, kisha akarudi akasahihisha na kumaliza ndani ya sekunde hizo, skrini ilionyesha sahihisho lake lakini mashine ilikuwa haikulipokea lote. Wahudumu wageni walikuwa wakiandika polepole, hivyo kosa halikuonekana. Lilijitokeza pale mhudumu alipokuwa hodari na vidole vyake vikazoea. Isitoshe, watengenezaji walikuwa wameondoa vizuizi vya chuma vilivyokuwemo kwenye mashine za awali, wakitegemea programu peke yake. Kila nikisoma habari hii husimama hapo.

Tena tarehe 14 Agosti 2003 umeme ulikatika kaskazini mashariki ya Marekani na sehemu ya Kanada, watu wapatao milioni 50 wakawa gizani. Chanzo kilikuwa zaidi ya kimoja, lakini kimojawapo ni kwamba mfumo wa kengele katika chumba cha kuongozea umeme huko Ohio ulikuwa umekwama kwa sababu ya mbio za nyuzi. Wasimamizi walikaa wakiamini mambo ni shwari, kwa kuwa kengele haikulia.

KUTOGAWANA

Baada ya makufuli yote hayo, mafundi waliokomaa hurejea kwenye jambo ambalo mwalimu yeyote wa madrasa analijua. Ikiwa walimu watano wanakusanya ada, si lazima wote wagombee daftari moja. Kila mmoja apewe daftari lake dogo, na jioni mhazini ajumlishe matano. Uzi usiogawana kitu na mwingine hauhitaji kufuli.

Na kile kisichobadilika pia hakihitaji kufuli. Ubao ukishaandikwa somo, wanafunzi hamsini wanaweza kuusoma kwa pamoja na hakuna anayemdhuru mwenzake. Matata huanza mwalimu anaposhika kifutio. Kwa ajili hiyo yapo makufuli ya namna mbili ndani ya moja: wasomaji wengi huruhusiwa pamoja, lakini mwandishi huingia peke yake, wote wakiwa nje.

JARIBIO LA KUFANYA WENYEWE

Wasio na kompyuta wachukue daftari moja lenye tarakimu 100 juu ya ukurasa. Wanafunzi wawili wakae mahali wasipoonana, na wa tatu awe prosesa. Prosesa amwonyeshe mmoja tarakimu, aifanyie hesabu kichwani ya kuongeza kumi, lakini kabla hajaitamka amwonyeshe na wa pili. Kisha aandike wanachotamka, mmoja baada ya mwingine, kila tarakimu juu ya iliyotangulia. Mtaona kumi moja inavyoyeyuka.

Wenye kompyuta waandike kwa Java programu ya nyuzi mbili, kila uzi uongeze moja kwenye kihesabio kimoja mara 1,000,000. (Python ya kawaida ina kufuli moja kubwa ndani yake, na kosa hili hujificha humo zaidi, kwa hiyo anzeni na Java.) Jibu la haki ni 2,000,000. Mara nyingi mtaona pungufu, na mkiendesha tena mtaona pungufu nyingine isiyofanana na ya kwanza. Tieni kufuli: mtapata 2,000,000 kila mara, ila mtasubiri zaidi. Kisha kila uzi mpeni kihesabio chake na mjumlishe mara moja tu mwishoni. Andikeni muda uliotumika katika kila namna, mje nao darasani Jumamosi.